Abiria wa Daraja la Tatu: Kuusoma Mnara wa Kumbukumbu kama Shairi

Utangulizi

Sisi wanafunzi wa fasihi tumezoea kuhakiki kilichoandikwa kwenye karatasi. Riwaya ikitoka tunaidaka, diwani ikitoka tunaibishania mpaka taa za maktaba zinazimwa. Lakini yako maandishi mengine ambayo jamii huyaandika kwa gharama kubwa zaidi: huyachonga kwenye jiwe, huyasimamisha njiani ili kila mtu ayasome, na sisi tunayapita kama tunavyozipita nguzo za umeme. Ninazungumzia minara, kuta na bustani za kumbukumbu zinazojengwa baada ya maafa.

Makala hii inadai kwamba mahali pa kumbukumbu ni matini kama matini nyingine. Pana fani na maudhui, pana mtunzi na hadhira, na pana yale yaliyosemwa na yale yaliyonyamaziwa. Kwa hiyo panaweza kuhakikiwa, tena kwa vipimo vilevile tunavyovitumia darasani kwa utenzi na maombolezo. Mfano mkuu tutakaoufuata ni ajali ya meli ya MV Bukoba. Swali letu ni moja: msanifu anayepewa kazi ya kuwakumbuka watu ambao hawakuandikwa popote, aandike nini?

Orodha iliyokosekana

Tuanze na yanayojulikana. MV Bukoba ilizama katika Ziwa Viktoria tarehe 21 Mei 1996, ikitoka Bukoba kwenda Mwanza, ikiwa imekaribia kabisa kufika. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Orodha ya abiria wa daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na watu 443. Daraja la tatu, la watu wa nauli ya chini, halikuwa na orodha. Rais Benjamin Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo ya taifa. Wengi wa waliopatikana walizikwa Igoma, Mwanza, na mpaka leo mwezi Mei ukifika watu hukusanyika pale kuwaombea. Miili mingine haikutoka ziwani. Ukiuliza walikufa wangapi utajibiwa kwa hesabu zinazotofautiana, kuanzia mia nane na ushei hadi kufikia elfu moja.

Ndugu msomaji, tulia kidogo hapo. Kati ya mia nane na elfu moja kuna watu mia mbili. Ukiwakalisha mia mbili kwenye ukumbi wa mihadhara, unajaa. Hao wanaingia na kutoka kwenye hesabu kulingana na anayehesabu, kwa sababu hakuna aliyewaandika walipopanda. Walilipa nauli, wakashika nafasi zao kati ya mizigo na mikungu ya ndizi, na kwa mujibu wa karatasi za meli hawakuwemo.

Sasa, ukosefu wa orodha si jambo lililotokea pembeni ya ajali. Meli isiyohesabu watu wake haiwezi kujua kwamba imezidisha. Kilichowazamisha na kilichowafuta majina ni kitu kimoja. Hii ndiyo dhamira kuu ya matini yoyote itakayoandikwa juu ya MV Bukoba, na msanifu asiyeiona atajenga kitu kizuri kisichosema lolote.

Ukuta wa majina na mgogoro wa fani

Siku hizi fani inayotawala katika kumbukumbu za maafa ni ukuta wa majina. Chimbuko la umaarufu wake ni Washington, Marekani. Mwaka 1981 yalifanyika mashindano ya kuchora mahali pa kuwakumbuka wanajeshi wa Marekani waliokufa katika vita vya Vietnam. Ikaletwa michoro 1,421. Aliyeshinda ni Maya Lin, mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye umri wa miaka 21. Alipendekeza kuta mbili za jiwe jeusi linalong'aa, zikikutana kwa pembe na kuzama kidogo ardhini, zikiwa na majina peke yake. Leo majina hayo ni zaidi ya 58,000, na yamepangwa kwa tarehe za vifo bila kujali cheo. Jiwe linang'aa kiasi kwamba msomaji anauona uso wake mwenyewe nyuma ya majina.

Mzozo ulizuka papo hapo. Wengine walilalamika kwamba lile si mnara hata kidogo: liko wapi sanamu, uko wapi ushujaa, mbona rangi nyeusi? Mwaka 1984 ikabidi yaongezwe karibu na hapo masanamu ya askari watatu yaliyochongwa na Frederick Hart, ili wapinzani nao waridhike.

Aliyepita Idara ya Kiswahili hawezi kusoma kisa hiki bila kutabasamu. Huu ni mgogoro wetu wa ushairi kwa sura nyingine! Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, wako waliouliza: bila vina na mizani, hili ni shairi gani? Wanamapokeo walitaka sanamu la askari, na wanamabadiliko walitaka ukuta mweusi. Hoja ya pande zote mbili ilikuwa ileile, kwamba umbo si nguo ya kuvalisha maana. Umbo lenyewe linasema.

Basi ukuta wa Washington unasema nini? Unasema kwamba kila aliyekufa ni mmoja, ana jina, na jina lake lina siku yake. Ni kauli nzito. Lakini tusidanganyane. Unaweza kuisema kauli hiyo pale tu ambapo dola ilikuwa na orodha kamili, na jeshi huwa na orodha kamili ya askari wake. Wavietnamu waliokufa katika vita hivyohivyo, ambao ni wengi mno kuliko hao, hawamo ukutani. Orodha huonyesha nani alikufa, na papo hapo huonyesha nani alihesabiwa.

Afrika Mashariki tunayo kuta kama hizo. Jijini Nairobi, pale ulipokuwa ubalozi wa Marekani uliolipuliwa tarehe 7 Agosti 1998, pana bustani iliyofunguliwa mwaka 2001 yenye ukuta wa majina. Waliokufa Nairobi ni watu 213, na siku hiyohiyo hapa Dar es Salaam walikufa 11. Pamoja na kwamba wageni wametozwa kiingilio mlangoni, jambo ambalo kwa mahali pa msiba linaleta ukakasi, bustani ile inafanya kazi yake. Wafanyakazi wa mjini hupumzika pale mchana, na majina yanasomeka. Fani imekutana na maudhui yake, maana waliokufa walijulikana na waliweza kutajwa. Kosa ni kuichukua fani hiyo kama ilivyo na kuibandika juu ya meli isiyokuwa na orodha. Hapo ukuta utakuwa na majina ya waliolipa zaidi, kisha pengine kamstari kadogo chini: "na wengine wengi". Hao wengine wengi ndio maafa yenyewe.

Askari na mpagazi

Msomaji anaweza kusema kwamba hili ni tatizo jipya, la meli na tiketi. Si jipya hata kidogo. Nenda katikati ya Dar es Salaam, Barabara ya Samora, ulitazame Sanamu la Askari. Lilizinduliwa mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliotumikia jeshi la Waingereza katika vita vya 1914 hadi 1918. Askari wa shaba ameinama mbele na bunduki yake yenye singe. Nairobi nako liko sanamu la aina hiyo, lenye watu watatu.

Maandishi yaliyo chini yake, ambayo inasemekana yalitungwa na Rudyard Kipling, yanawataja askari na pia wapagazi, waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Halafu yanatoa ahadi: anayepigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Sasa zunguka sanamu lote ulitafute jina. Hakuna hata moja. Ahadi ya majina imechongwa mahali pasipo na majina! Na mpagazi, aliyekufa kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi, siye aliyesimamishwa juu ya sanamu la Dar es Salaam. Amebaki katika jina la Kariakoo, lililotokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, na wengi wanaonunua vitenge pale hawajui kwamba wanataja jeshi la marehemu.

Miaka zaidi ya mia baada ya vita kuanza, mwaka 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, hasa Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Kwa kipimo cha fasihi, Sanamu la Askari ni tungo ambayo maudhui yake yanaikana fani yake. Maneno yanasema "jina", umbo linasema "aina". Mpagazi wa 1916 na abiria wa daraja la tatu wa 1996 ni ndugu: wote walibebeshwa mzigo, na wote hawakuandikwa.

Utupu una mahali katika fasihi yetu

Je, tunacho chombo cha kuusemea utupu? Wengine hudhani kwamba nafasi tupu katika sanaa ni jambo la kuazima Ulaya. Nawaomba warudi kwenye Al-Inkishafi. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, akitazama magofu ya Pate, hakujenga kumbukumbu kwa kusifu yaliyopo. Aliijenga kwa vyumba vitupu. Anatuingiza katika majumba yaliyokuwa na taa na vyombo vya thamani, anatuonyesha ndege na popo waliorithi, anauliza wakubwa wako wapi. Msomaji anawaona marehemu kwa kuyaona mahali wasipokuwepo. Huo ni usanifu kamili wa mahali pa kumbukumbu, umefanywa kwa beti.

Hata hivyo utupu wa Al-Inkishafi ni utupu wa wenye nyumba. Waliowapepea mabwana wale wanatajwa kwa kazi yao tu. Kwa hiyo tuchukue mbinu, lakini tuiongezee haki.

Hapa natumia mfano wa darasani. Chukua utenzi wenye beti mia mbili. Ukiondoa ubeti wa mwisho, nani atajua? Hadhira itapiga makofi na kwenda zake. Lakini ondoa mizani mbili katikati ya mshororo wa ubeti wa hamsini. Mghani atajikwaa, sikio litashtuka, na mzee aliyekaa nyuma atauliza, "Hapo vipi?" Pengo lililo mwishoni halisikiki. Pengo lililo katikati ya mpangilio linapiga kelele.

Ndivyo ninavyopendekeza mahali pa kumbukumbu ya MV Bukoba pasanifiwe. Majina yanayojulikana yachongwe, na nafasi za wasiojulikana zisirundikwe mwishoni kama kiambatisho. Zitawanywe katikati ya majina, kila moja ikiwa na upana wa jina. Anayesoma kwa kidole akifika hapo kidole kitateleza kwenye jiwe laini, na atashtuka kama yule mzee.

Mpangilio je? Jambo jepesi lingekuwa kuwapanga kwa madaraja kama meli ilivyowapanga. La hasha! Hapo tutakuwa tumewakatia marehemu tiketi zilezile mara ya pili. Tusipange kwa alfabeti pia, maana alfabeti ni mpangilio wa ofisi. Wenzetu wa Oklahoma City, Marekani, waliopoteza watu 168 katika mlipuko wa mwaka 1995, waliweka viti vitupu 168 kwa safu tisa, safu moja kwa kila ghorofa ya jengo, na vile vya watoto 19 ni vidogo. Mpangilio wao umetoka ndani ya tukio lenyewe. Wetu nao utoke ndani ya safari: watu wapangwe kwa makwao walikotoka, kijiji kwa kijiji. Ajabu ni kwamba katika mpangilio huo nafasi tupu zitapata kwao. Mtu asiyejulikana jina anaweza kujulikana alitoka upande gani, kwa sababu kuna nyumba iliyomngoja asirudi.

Na jambo hili si dogo kwa watu wa Kagera. Mhaya huzikwa kwenye kibanja, kati ya migomba, karibu na mlango wa wanawe. Waliolala Igoma wamelala ng'ambo ya ziwa, mbali na vibanja vyao. Jiwe haliwezi kuwarudisha. Lakini jiwe linaloandika kijiji cha mtu limemrudisha kwa kiasi ambacho jiwe linaweza.

Hoja za wapinzani

Nimeyajadili haya na wenzangu kule kantini, na walinipa hoja mbili ambazo si za kupuuza.

Ya kwanza: mama aliyepoteza mtoto hataki falsafa ya utupu. Anataka jina la mwanawe. Ukimpa jiwe laini umemdanganya kwa usanii wa wasomi. Hoja hii ni ya kweli, na naijibu kwa kuikubali nusu. Nafasi tupu haitakiwi ibaki tupu ikiwa jina lipo. Kule Gisozi, Kigali, ambako wamezikwa zaidi ya watu 250,000 waliouawa katika mauaji ya kimbari ya 1994, uko ukuta wa majina ambao haujakamilika. Wenyeji hawauonei haya. Ukuta usiokamilika ni ungamo na vilevile ni mwaliko: mwenye jina alilete. Nafasi zetu ziwe hivyo. Kila mwaka tarehe 21 Mei, badala ya hotuba ndefu ya mgeni rasmi, fundi aje na patasi, na jina lililothibitishwa mwaka huo lichongwe mbele ya watu. Maombolezo yetu ya asili hayakuwa maandishi ya kusomwa kimyakimya. Yalitendwa, na watu waliitikia. Mnara unaochongwa mbele ya hadhira unairudia asili hiyo.

Ya pili: nani atathibitisha? Fungua mlango na watajitokeza wadanganyifu wenye kutafuta fidia. Najibu: kumbukumbu na fidia ni vitabu viwili tofauti, visishikwe na karani mmoja. Kuchongwa kwa jina kusimpe mtu shilingi wala kusimnyime. Ushahidi ni wa kijiji: ndugu, jirani, aliyemsindikiza bandarini. Mahakamani huenda usitoshe, ila kwenye matanga unatosha. Hata majina ya Washington yameendelea kuongezwa baada ya ukuta kuzinduliwa, na hakuna aliyesema ukuta umeharibika.

Wako pia watakaosema kwamba yamepita, tuwaache marehemu wapumzike. Hao nawakumbusha tarehe 20 Septemba 2018. Kivuko cha MV Nyerere, kilichotakiwa kubeba watu 101, kilipinduka kikikaribia kisiwa cha Ukara, katika ziwa lilelile. Walikufa watu 228. Taarifa za siku zile zilieleza kwamba kujua idadi ya waliopanda ilikuwa vigumu kwa kuwa hata mashine ya tiketi ilizama. Miaka 22 katikati, na hesabu imezama tena! Mnara ambao ungemwambia kila mpanda kivuko kwamba kutoandikwa kunaua, ungekuwa na la kusema siku ile pale Bugolora kabla kamba haijafunguliwa.

Hitimisho

Katika makala hii tumejaribu kuonyesha kwamba mahali pa kumbukumbu panaweza kuhakikiwa kwa fani na maudhui, na kwamba ukuta wa majina ni fani nzuri inayotegemea orodha. Pale ambapo kukosekana kwa orodha ndiyo sehemu ya maafa, fani hiyo ikiigwa bila kufikiri inayarudia maafa. Dawa yake ni pengo lililowekwa katikati ya mpangilio, mahali linaposikika, na lililoachwa wazi ili lizibwe.

Lakini mhakiki akiishia kukosoa jiwe, kazi yake ni nusu. Majina ya daraja la tatu hayapo bandarini wala wizarani. Yapo Bukoba, Muleba, Misenyi na Karagwe, kwa watu ambao mwaka 1996 walikuwa vijana na sasa mvi zimewatoka. Tunapotumwa kukusanya fasihi simulizi wakati wa likizo, tunarudi na vitendawili na methali ambazo zimeshachapishwa mara kumi. Ninapendekeza kwamba wanaotoka mikoa ya ziwa waongeze swali moja kwenye daftari: katika nyumba hii, au kwa jirani, kuna aliyepanda MV Bukoba na hakuandikwa? Andika jina, kijiji, na jina la aliyekusimulia. Msanifu wa mnara atakuja wakati wake. Wenye kumbukumbu hawatamsubiri milele.